Nilimtania Mzaramo, Akanyimwa Nyumba ya Milango Sita

Msomaji huyu wa Tabora ameandika kwa mkono wake na kuomba jina lake lisitokee gazetini. Tumelificha.

Bwana Mhariri na wasomaji wenzangu, mimi ni seremala, Mnyamwezi wa hapa hapa Tabora, umri wangu unakaribia miaka hamsini na mitano. Mke wangu alifariki mwaka jana, watoto wana miji yao, nimebaki mwenyewe na randa yangu. Nimechoka, na si kazi iliyonichosha.

Mtaa wetu ni wa nyumba moja moja. Kila nyumba ina mwenyewe, jiko moja, choo kimoja na ua wake. Ukuta wa ua wangu ndio ukuta wa jirani yangu, mtu wa reli, Mzaramo ambaye babu yake alikuja huku na misafara akaona heri akae. Tumeishi hivyo miaka ishirini. Na kama mjuavyo, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu siku za njia ile ya mizigo. Kila asubuhi alikuwa akinigongea ukuta na kuuliza, "Mpagazi, umeamka au umekufa?" Nami humjibu kwamba namsubiri yeye atangulie, nile wali wa matanga yake.

Siku ya kumzika mke wangu, Mzaramo aliingia kaburini kabla ya maiti, akajilaza, akakataa kutoka. Akasema, "Chimbeni tena. Mnyamwezi hata akifa anataka pa kutua mzigo." Watu wakacheka, nami nikacheka huku machozi yananitoka. Bila kicheko kile sijui ningerudije nyumbani.

Sasa mwaka huu binti zake wawili wamerudi kwake na watoto, mmoja mjane, mwingine ameachika. Wote wanabanana chumba cha mbele. Basi Mzaramo akaomba ruhusa ya kujenga uani nyumba ndefu ya milango sita, miwili ya binti zake, minne apangishe vijana wa reli. Mtaa ukachafuka. Wengine walisema bomba letu ni moja na foleni ya ndoo itafika barabarani. Wengine walisema wataletewa watu wasiojulikana kwao. Mzee mmoja aliuliza hao vijana wa reli walale wapi, relini?

Afisa wa mji akaitisha baraza. Yeye Kiswahili chake ni cha salamu, kwa hiyo alikuwa na karani wa kufasiri, kijana mgeni aliyetoka mbali. Nikaitwa kusema, kwa kuwa mimi ndiye jirani wa ukuta. Nikasimama nikamnyoshea Mzaramo kidole.

"Huyu msimwamini," nikasema. "Vyumba hivyo ni vya wezi na malaya. Na choo hatachimba, kwao choo hawakijui."

Wazee walicheka. Mzaramo alicheka kuliko wote, akaniuliza mimi hicho choo nilikionea wapi. Karani hakucheka, alikuwa anaandika. Kisha akamgeukia afisa, akamfasiria neno kwa neno.

Wiki mbili baadaye Mzaramo alinijia na barua. Kusoma hajui, barua zake zote mimi ndiye msomaji wake. Akaketi juu ya benchi yangu ya kazi, akaniambia nisome polepole. Nikasoma. Ombi limekataliwa, kwa ushahidi wa jirani anayemfahamu mwombaji kwa miaka ishirini, kwamba vyumba ni vya wezi na malaya, wala hana nia ya kuchimba choo. Niliifikisha mwisho.

"Rudia hapo kwenye malaya," akasema.

Nikarudia. Akaikunja barua taratibu. Wakati ule binti zake walikuwa wanatwanga upande wa pili wa ukuta, tunawasikia.

"Ahsante, bwana," akasema, akaondoka.

Bwana! Miaka ishirini mimi ni mpagazi, ni mla panya, ni mtumwa wa babu yake. Tangu siku ile ni bwana. Ukuta haugongwi. Tukikutana bombani ananiuliza habari za asubuhi kwa adabu kama anayeongea na mkwewe, na adabu ile inaniuma kuliko tusi.

Nilimwendea karani nikamweleza utani ni nini. Alisikitika, kwao haupo. Akasema niandike kwamba maneno yangu yalikuwa utani mtupu, nitie sahihi, na shauri litasikizwa upya. Karatasi ninayo hapa tangu Jumatatu.

Wasomaji, kinachonizuia ni hiki, na sijamwambia mtu. Haukuwa utani. Nyumba ile sikuitaka. Tangu mke wangu aondoke nimeuzoea ukimya wa ua wangu, na milango sita pale ukutani niliiona kama fujo ya watu sita kila alfajiri. Maneno yale niliyapiga randa nyumbani siku mbili, nikijua mtani hakasirikiwi. Yeye alicheka kwa moyo mweupe, mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya kicheko chake.

Nikiandika kuwa ulikuwa utani, binti zake watapata pa kulala, nami nitakuwa nimeutumia utani wetu kudanganya mara ya pili. Nikikaa kimya, wanawe wataendelea kubanana kwa ulimi wangu. Nikimweleza Mzaramo ukweli na kumwomba radhi, basi tumekwisha, maana mtani haombwi radhi. Anayeombwa radhi ni mtu baki.

Ua wangu sasa ni kimya kabisa, kama nilivyotaka. Ninyi wenye watani, nielekezeni: nimwendee na lipi? Maana siku yangu nayo itafika, na sitaki kuzikwa na watu wenye adabu.