Tanzia za Bi Kijakazi

Mama mkwe wangu, Bi Kijakazi, tangu avunjike nyonga hatoki chumbani. Daktari amesema akipasuliwa atatembea tena, lakini ukitaja upasuaji tu anageukia ukutani. "Niende nikafe?" Kisa ni simu. Akifungua habari, ni vifo vitupu: huyu kafia mezani kwa daktari, yule kachomwa sindano hakuzinduka. Jamani! Mtu yuko kitandani, kutwa nzima anazika watu asiowajua.

Nikamwita Loveness, binti wa jirani yetu hapa Usagara. Kazi yake ni kutengeneza ukurasa ule ule wa habari wa mtandaoni anaousoma mama, mtu wa kawaida asome bila kuhangaika. Akaamkia shikamoo, akaketi amtazame bibi anavyosoma. Basi kila akifika kwenye tanzia anasimama, anaandika Innalillahi, anamwombea marehemu, ndipo anasonga mbele.

"Bibi, kwani unapenda habari za vifo?" Loveness akauliza.

"Nani apende vifo, mjukuu wangu? Lakini nimpite maiti kimya? Nimekuwa mnyama?"

Loveness akacheka, mimi nikashika kichwa. Kumbe mtambo wa ukurasa ule unatazama mtu anapokawia, unadhani ndipo anapopapenda, unamrundikia mengine ya hayo hayo. Adabu ya watu wa pwani imeonekana uroho! Nilikasirika, wallahi.

Loveness akaweka kwenye ukurasa kitufe kikubwa cha kuzuia usichokitaka. Bibi akabonyeza, vifo vikakoma. Zikaja habari za mapishi, za mvua, za harusi. Bibi akaanza kula vizuri, akatutania, mwisho akakubali upasuaji mwenyewe. Tukapangiwa Jumatatu. Nilifurahi nusura nipige vigelegele.

Jumapili akaja Tahiri, mtoto wa dada yake, kutoka Kigombe. "Mama, pole kwa msiba wa Bi Zuwena."

"Zuwena gani?"

Zuwena wake, rafiki aliyekuwa naye chanda na pete tangu usichana. Ameshazikwa, hitima imeshasomwa. Tangazo liliwekwa kwenye ukurasa ule ule, na Kigombe nzima hakuna aliyepiga simu, maana Bi Kijakazi si ndiye huwa wa kwanza kuandika chini ya kila tanzia? Walidhani amekasirishwa na jambo, ndiyo maana kanyamaza.

Bibi hakulia. Alimwita Loveness, akamwambia, "Nirudishie wafu wangu." Wakarudi wote, na wale wa mezani kwa daktari pia.

Jumatatu gari likasimama mlangoni.

"Mama, tunachelewa."

"Nikilazwa usingizi huko, akafa mwingine wangu, nani ataniambia?"

"Simu yako nitakaa nayo mimi."

"Wewe? Si ndiwe uliyemleta yule binti?"

Nikatoka kumwambia dereva aende zake, na huku nyuma nikamsikia akiniambia nifunge mlango.