Mzee wangu aliwahi kuuza vitabu vilivyotamba Kilimanjaro nzima. Krismasi hii vilitaka kuchomwa moto

Wakuu, poleni na majukumu.

Kuna mdau juzi aliuliza humu ni vitabu gani vilitamba enzi za wazazi wetu, vya dini na vya dunia. Nikaanza kuandika comment, ikawa ndefu, nikaona bora nifungue uzi.

Nitakayosimulia yametokea nyumbani kwetu nikiwa nimesimama pale pale. Sijaongeza chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana ndugu zangu nao wamo humu na wengine wanajua kuning'ang'ania.

Background kidogo.

Kwetu ni huko juu, ukipandisha mlima kutokea Kwa Sadala. Mimi ni kitinda mimba. Uchagani mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anabaki na nyumba ya wazazi, kwa hiyo wakati kaka zangu wako mijini, mimi niko kwenye migomba na mzee. Mama alishatangulia. Mzee umri umeenda na macho yamezima kabisa.

Sasa huyu mzee alikuwa muuza vitabu.

Sio mwenye duka. Alikuwa anachukua mzigo kwa Mhindi mmoja Moshi mjini, anaufunga kwenye baiskeli, Jumapili yuko nje ya kanisa, siku za soko yuko Kwa Sadala au Bomang'ombe, mwisho wa mwezi anashuka mpaka Kahe na kwenye kambi za wafanyakazi wa miwa.

Ukimuuliza best seller ya zamani anakujibu bila kufikiri. Namba moja ilikuwa vitabu vya uchumba wa Kikristo. Msimu wa kipaimara ndio vilikuwa vinagombaniwa, kila mama wa ubatizo anataka kimoja ampe mtoto wake, na anakinunua amekificha chini ya kitabu cha nyimbo kama vile amenunua bangi.

Namba mbili, vya nyakati za mwisho. Hivyo walikuwa wananunua wanaume, hasa waliokuwa na mambo yao.

Halafu ushuhuda. Wale wanaosema walimtumikia shetani, wakaokoka, wakaandika yote. Mzee anasema kitabu cha namna hiyo kikiingia kijijini, watoto hawatumwi dukani jua likishazama.

Na chini kabisa ya boksi kulikuwa na vile vya upelelezi, jalada lina bastola na dada mwenye afro. Wateja wake wakubwa wa hivyo walikuwa wazee wa kanisa. Mzee alikuwa anavifunga kwenye gazeti bila kuulizwa.

Kila kitabu kilichotamba alibakiza nakala moja. Zilijaa masanduku mawili ya mbao, na alikuwa anayaweka juu ya dari la jiko la mama, kule kunakohifadhiwa mahindi, moshi uzuie wadudu. Mpaka leo ukifungua ukurasa unanuka jiko.

Macho yalipozima, ikawa kila mchana baada ya chakula namsomea. Anajua kila kinachokuja, lakini anataka akisikie. Mara ananikatisha, "Hapo akina mama wa Kahe walikuwa wanalia." Naendelea.

Mwaka jana katikati akaja Anande, binti wa kaka yetu mkubwa (huyo kaka nimwite Aminieli). Binti Amemaliza form six, anasubiri chuo, akaletwa akae na babu yake. Mtoto ana sauti nzuri ya kusoma kuliko mimi, nikamwachia kazi hiyo kwa moyo mweupe, nikarudi kwa ng'ombe zangu.

Siku moja nikiwa bandani nikasikia mzee anaita. Anaita jina la Anande, ananyamaza, anaita tena, kila akiita sauti inapanda. Nilikimbia. Nikamkuta mtoto chini, mwili unapiga, macho yamegeuka, na mzee amepiga magoti anapapasa ardhi upande ambao mtoto hayupo.

Alichosikia yeye ni kitabu kuanguka, kisha visigino vinapiga sakafu.

Na kitabu chenyewe, wakuu, kilikuwa kile cha ushuhuda.

Anande akarudi kwao Dar. Ikamtokea tena, na tena. Nikampigia kaka simu nikamwambia ampeleke hospitali. Akaniambia jambo hilo lina mtumishi wa Mungu analishughulikia. Nikakata simu, kwa sababu kwetu mkubwa ni mkubwa. Lakini roho iliniuma.

Desemba, si mnatujua, ndugu wote wakapanda mlima. Siku ya pili ya Krismasi kaka akaja na gari, ndani yumo Anande, yumo mtumishi, na dada wawili wa maombi. Mtoto amekonda, kitambaa kichwani, midomo imepauka. Nikamuuliza kama amekula. Akasema yuko kwenye mfungo.

Tulipomaliza kula sisi, kaka akasimama akatangaza. Mtumishi ameonyeshwa kwamba mlango ulifunguliwa na vitabu vya babu. Vyote vinachomwa leo, vya dini na visivyo vya dini, kwa sababu vimelala sanduku moja.

Hakumuuliza mzee. Alitangaza tu, na mzee amekaa pale pale kwenye kiti chake.

Hapo nilipandwa na hasira. Nikamwambia kaka maneno ambayo siyarudii humu, mods watanifungia. Akaniambia, "Wewe huna mtoto anayeanguka." Nikasogea pembeni, kwa sababu ni kweli sina. Huyu mtu hakuwa na kiburi siku ile. Alikuwa anaogopa.

Masanduku yakashushwa. Wakayaweka nyuma ya jiko, karibu na mpaka, petroli ikamwagwa kwenye majani makavu ya mgomba, moto ukawaka. Dada wa maombi wakaanza kukemea mapepo. Mtumishi akatoa vitabu kimoja kimoja, anakinyanyua, anakitaja, anakitupa. Cha kwanza kilikuwa cha uchumba. Mama yangu alikuwa anakipenda hicho.

Anande alikaa kwenye ngazi ya jiko anaangalia chini. Nilikuwa namtazama yeye kuliko moto, nikisubiri aanguke mbele yetu wote, na akianguka hapo basi kesi imeisha, mzee wangu amekuwa mchawi.

Mzee akaniita. Akasema nimpe panga.

Nyie! Nikamwambia, baba, panga la nini. Akarudia nimpe. Nikampa lakini sikumwachia mkono.

Hakwenda kwenye moto. Alinivuta mpaka kwenye mstari wa masale pale mpakani, akapapasa, akakata jani moja, akanirudishia panga.

Kwa wasiojua, sale ni ule mmea tunaopanda kwenye mipaka ya kihamba, yaani shamba la ukoo. Lakini pia ndio wa kuombea msamaha. Ukimkosea mtu, unabeba jani la sale, unamwendea, unamnyooshea. Akishaliona ni vigumu sana kukukatalia. Nimeona watu waliopigana mapanga wakipatanishwa kwa jani hilo.

Ila sijawahi kuona mzee analipeleka kwa mwanawe. Wazee wanaletewa. Shangazi yetu alipomwona analo mkononi aliweka sahani chini akafunika mdomo.

Akaenda mpaka karibu na moto, mimi nimemshika kiwiko. Kukemea kukakatika. Akanyoosha jani, akasema, "Aminieli."

Sasa aliyekuwa amesikika mara ya mwisho ni mtumishi, kwa hiyo mzee alimnyooshea mtumishi. Kaka alikuwa upande mwingine kabisa. Hakuna aliyemrekebisha.

"Kama vitabu vyangu vimemuumiza mtoto wako, nisamehe, sikujua. Na kama siyo vitabu, mpeleke mtoto hospitali, uniachie vitu vyangu."

Mtumishi akarudi nyuma. Akamwambia kaka asiliguse hilo jani, kwamba hiyo ndiyo mizimu yenyewe imejitokeza, na akiligusa tu, maombi yote ya binti yanafutika.

Kaka akamtazama binti yake. Akatazama mkono wa baba, uliokuwa umeanza kuchoka na kushuka. Moto unalia pale, watu zaidi ya ishirini wanasubiri. Naapa nilikuwa sijui atafanya nini, na ninamfahamu tangu nimezaliwa.

Akazunguka moto. Akaja akasimama pale jani lilipokuwa linaelekea.

Akasema, "Baba, niko hapa." Akalipokea kwa mikono miwili.

Mimi nilichukua maji ya ng'ombe nikamwaga kwenye moto. Vilivyokuwa vimeungua vimeungua, kama vitano hivi, vingine vilibaki na makovu. Mtumishi na wale dada wa maombi waliondoka bila kuaga mtu, na kwa kuwa walikuja na gari la kaka, ikabidi niwatafutie bodaboda za kuwashusha Kwa Sadala. Sijui waliongea nini njiani.

Anande alikunywa uji jioni ile ile.

Kesho yake kaka alimpeleka hospitali Moshi. Nilikuwepo. Wakampima, daktari akauliza maswali mengi kwa utulivu, akasema ni kifafa. Akasema kina dawa, akasisitiza asiruke kidonge na asikae na njaa. Kaka alipotoka nje ya chumba aliegemea ukuta akalia kama mtoto. Nilimshikilia pale pale, ugomvi wote ukaniishia.

Mngedhani hapo ndio mwisho mzuri. Mimi pia nilidhani.

Nilirudisha masanduku darini, kesho yake mchana nikachukua kitabu nikakaa karibu na mzee. Akasema, "Weka."

Kesho yake hivyo hivyo. Nikamweleza daktari alivyosema, nikamweleza tena, anaitikia kwa kichwa. Lakini kusomewa hataki.

Ilinichukua muda kuelewa. Mzee alisema maneno mawili, kama ni vitabu na kama siyo vitabu. Lakini jani lilikuwa moja. Na kwetu ukishapokea sale umesamehe, na huwezi kusamehe kama hakuna kosa. Kaka alipokea ili kumwokoa baba yake na aibu. Mzee alielewa kwamba amehukumiwa, akasamehewa. Alikuwa anakaa kwenye kiti chake anajiona mtu aliyemuumiza mjukuu wake, na pengine watoto wa watu wengine kuanzia huku mpaka Kahe.

Nilimpigia kaka nikamwambia. Akasema, "Sikulifikiria hilo." Wiki iliyofuata akamleta Anande mwenyewe, na dawa zake kwenye mkoba.

Somo nililopata ni hili, na mnaweza kunipinga. Mtoto akiugua, apelekwe hospitali kwanza, na maombi yamfuate huko huko, hayagombani. Mkianza kutafuta wa kumbebesha ugonjwa, mtampata, na mara nyingi atakuwa yule mzee asiyeweza kujitetea. Halafu hata mkimshushia huo mzigo, kwake haushuki.

Na vile vitabu jamani msivichukulie poa. Vingine vilikuwa vinatisha watu bure, nakubali, hicho cha ushuhuda mimi mwenyewe sikipendi. Lakini nusu ya watu wa huku walijifunza kukaa chini na kusoma kwa ajili ya hivyo, sio kwa ajili ya shule.

Karibuni kwenye comment mniambie kwenu kulikuwa na vitabu gani, viko wapi sasa hivi, na nani alikuwa anavisoma kwa kujificha. Ugomvi wa madhehebu upelekeni uzi mwingine.

Naandika haya nikiwa ndani, wao wako barazani. Anande amechukua kitabu cha nyakati za mwisho, kimeungua pembeni. Mzee alimwambia aweke. Mtoto akafungua akaanza kusoma kama hajasikia, na mzee hakurudia.

Ila kila akifika mwisho wa ukurasa, ile sekunde anayogeuza karatasi, namsikia mzee anauliza, "Upo?"

"Nipo, babu."

Anaendelea.