Mahameli ya Mara ya Pili

Saa tatu asubuhi mkasi bado uko mezani na fundi hajaugusa. Anapitisha kiganja juu ya mahameli ya zambarau, kwenda na kurudi, kisha anageuza kitambaa na kuchora mshale wa chaki kwa nyuma. Anasogea kidogo, anachora mwingine.

"Hebu papasa," anamwambia mwandishi. Mkono ukishuka, kitambaa kinateleza. Ukipanda, kinakataa. "Basi umeshajua nilichokuwa sikijui."

Majirani wanamwita Mama Mishale. Lilianza kama jina la kumcheka.

Miaka sita iliyopita alikuwa na duka lenye cherehani nne. Kwaya moja ikamletea mahameli ya majoho. Ili asipoteze kitambaa, akapanga vipande vichwa na miguu, kimoja kikitazama juu na kingine chini, kama alivyozoea kwenye pamba. Kwenye pamba haina neno. Lakini mahameli ina vinyweleo vinavyolala upande mmoja, na ukigeuza kipande, rangi nayo inageuka.

Chini ya taa za jukwaa, kila mwimbaji alionekana mweusi kushoto na aliyepauka kulia, kama aliyelowa mvua ubavu mmoja.

"Nilikuwa nimekaa safu ya mbele ya watazamaji," anasema. "Nilitamani ardhi inimeze."

Aliuza cherehani tatu kufidia kitambaa. Akahamia hapa chini ya ngazi za jengo, kukunja pindo za suruali na kubadilisha zipu. "Siku nzuri napata nauli na mkate. Siku mbaya napata salamu."

Alirudije kwenye mahameli? Mwandishi anauliza.

"Nililia mpaka nikachoka. Nilipochoka, nikaanza kuuliza." Alimwendea fundi makochi wa mtaa wa pili, akamuuliza mbona viti vyake vina rangi moja. Ndiye aliyemwonyesha mishale. Tangu hapo Mama Mishale akawa anaomba mabaki ya vitambaa na kuyafanyia mazoezi.

"Mito yote ya nyumbani ikawa ya mahameli," anadakia wifi yake, akipiga pasi. "Hata paka wetu analala kitajiri."

"Wifi, piga pasi."

Mzigo ulio mezani leo umeletwa na kwaya ileile, iliyokubali kumjaribu tena. Hakuna kipande cha ziada. Akiharibu tena, anakiri, hakuna mtu mjini hapa atakayemkabidhi hata leso.

Anashika mkasi. Anakagua mshale, anakata polepole, anaukagua tena, mpaka amalize kipande cha kwanza.

Jioni vipande vyote vinaning'inia kwenye kamba, mbele ya mwanga. Akivitazama, anaeleza ndoto yake: chumba chenye dirisha kubwa, afundishe kukata. "Somo la kwanza litakuwa kosa langu. Wakilijua mapema, wao watakosea mengine."

Mwenyekiti wa kwaya anaingia. Anapita kwenye kamba, anarudi nyuma, anatazama tena. Rangi ni moja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kisha anatoa kwenye mkoba mahameli iliyokunjwa. "Hii ni ya joho langu," anasema. "Nilikuwa naipeleka kwa fundi mwingine." Anaiweka mezani na kunyoosha mikono. "Nipime."

Fundi anafuta macho kwa kiwiko, anachukua futi.

"Shusha pumzi, mwenyekiti. Na usibane tumbo, joho hili ni la kuimbia."