Kichupa Kwapani mwa Mama

Mama aliniambia kwenye simu nisije mikono mitupu, nije na dawa. Alikuwa amelazwa hospitali, Karatu, mguu umefungwa bandeji hadi gotini, na daktari alikuwa ameshamwambia ukatwe. Alikataa. Aliwaambia manesi, wagonjwa wenzake na wanawake wa jumuiya waliokuja kumwombea kwamba mwanawe yuko Ulaya anatengeneza dawa ya wadudu waliomshinda kila mtu, kwa hiyo wampe muda.

Mwana mwenyewe ni mimi, na dawa haikuwepo.

Kilichokuwepo ni unga mweupe ndani ya kichupa, kiasi cha chumvi ya kutia kwenye yai. Maabara kwetu tulikuwa tukiunganisha vipande vidogo vya protini, kimoja baada ya kingine, kama mtu anavyotunga shanga, tupate mnyororo mfupi wa kumkwamisha bakteria. Nilikuwa nimemweleza mama hayo zamani, likizo moja, tumekaa juu ya magunia yake ya vitunguu vya Mang'ola. Nilimwambia kila bakteria ana mashine yake ya kusaga, kimeng'enya ambacho bila hicho hawezi kuishi, na sisi tunatengeneza punje inayoingia kwenye mashine hiyo ikanasa humo. Alielewa haraka, maana mashine ya mtaani kwetu iliwahi kusimama siku nzima kwa sababu ya boliti moja. Akacheka sana. Kumbe alisikia hayo tu, na lile la kwamba bado tunajaribu likampita.

Gunia la vitunguu hivyo hivyo ndilo lililomwangukia likishushwa kutoka kwenye lori. Mfupa wa muundi ulivunjika ukatoka nje ya ngozi. Kidonda kilifunga juu, kikaoza chini. Alitumia kila dawa aliyopewa, hata sindano ya ng'ombe aliyoletewa na mteja wake kutoka Malambo, nayo aliikubali bila kuniambia.

Nilipofika nilimwamkia, akaitikia huku macho yakiwa kwenye mkoba wangu.

"Umekuja nayo?"

"Nimekuja nayo, mama, lakini bado si dawa."

"Sasa ni nini?"

Nilimweleza upya. Kwenye sahani ya maabara inaua bakteria vizuri tu. Lakini mnyororo wetu wa kwanza ulikatwakatwa na damu kabla haujafika popote. Tukaukaza usikatike, nao ukaanza kupasua chembe za damu yenyewe. Mama alinisikiliza kama alivyozoea kuwasikiliza wanunuzi wanaodai vitunguu vyake vimeoza.

"Nipake hivyo hivyo," alisema. "Ya mwili wangu niachie mwenyewe."

Nikamwambia ugonjwa uko ndani ya mfupa, kupaka juu hakutasaidia. Akasema basi nimchome sindano. Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia na daktari aliyenivuta pembeni akaniambia, "Dada, anakungoja wewe, siyo sisi, na homa inapanda." Niliyakasirikia hata magari ya watalii yaliyopita nje yakielekea Ngorongoro, utadhani duniani hakuna mgonjwa. Zaidi ya yote niliukasirikia ule unga. Asubuhi moja nilikaa na kichupa mkononi nikiwaza, labda. Labda kidogo tu. Elimu yote ilikuwa imenitoka.

Mwishowe niliomba maabara ya hospitali vichupa viwili vya kioo. Sista akamtoa mama damu kidogo. Tuliichanganya na maji ya dripu, nusu huku na nusu kule, na katika kimoja nikatia unga wangu. Nikampa mama vyote viwili avibane kwapani vipate joto la mwili, nikamweleza kwamba chembe za damu zikibaki nzima zitazama chini, zikipasuka maji yote yatakuwa mekundu. Alivibana kwa uangalifu, amefumba macho, midomo ikicheza. Najua alikuwa anasali. Na mimi nilisali, mimi niliyekuwa nimeshaona jibu mara nyingi kule maabara, nikiomba safari hii damu ya mama yangu igome kupasuka.

Baadaye tuliviweka mezani vitulie, mpaka chai ya saa nne ikapita. Katika kimoja damu ilikuwa imetuama chini, maji meupe yamebaki juu. Katika kile kingine hakikutuama kitu. Kilikuwa chekundu chote, kinang'aa kama juisi ya rozela.

Mama alikiinua kwenye mwanga wa dirisha akakitazama muda mrefu.

"Hiki ndicho chako?"

"Ndicho."

"Mwite daktari, wakate," alisema. Kisha, akiwa bado amekishika, akaniita vile alivyoniita tangu utotoni: "Mama, muda wote huu mimi nilikuwa nakungoja wewe. Wewe ulikuwa unangoja nini?"

Nilitoka nikaenda kumtafuta daktari.

Mguu ulikatwa juu ya goti, lakini wadudu walikuwa wameshasambaa kwenye damu. Homa haikushuka tena. Tulimzika pale pale nyumbani, pembeni ya shamba.

Mwenyekiti wa jumuiya ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu, na aliusoma kwa fahari. Alisema mama alikuwa mtu wa imani, aliyeingojea dawa ya mwanawe bila kuyumba hadi siku ya mwisho, na kwamba siku dawa hiyo itakapotoka itawaokoa wengi. Watu wakanigeukia kwa heshima. Niliinamisha kichwa, wakadhani ninasali.