Alichokisikia Bibi Marieta

Watu wa Endagikot walipenda kusema kwamba bibi yangu Marieta anasikia anachotaka. Kanisani, mvua ikipiga bati hadi sisi wenye masikio mazima tukabaki kutazamana, yeye alifuata sala za zamani bila kupotea. Ukimletea habari mpya, za mbegu au za bima, hasikii hata ukipiga kelele. Wakacheka kwamba ni ujanja wa kizee. Mzaha ule uliniudhi sana.

Nikampeleka kwa daktari wa masikio. Alinieleza kwamba bibi hajifanyi: masikio yake yanaokota vipande tu vya sauti, na maneno aliyoyazoea ndiyo yanajaza mapengo. Neno geni halijazwi na kitu. Nilitangaza maelezo hayo kwa ukoo mzima, hadi Masakta kwa Gervasi, mume wa shangazi Evaline.

Mwaka jana shangazi akaugua koo, akalazwa. Alipozidiwa, Gervasi alipiga simu kutoka wodini. Niliweka spika, nikaisogeza simu sikioni mwa bibi. Shangazi aliongea na mama yake Kiiraqw, kama siku zote. Kiiraqw changu ni cha kuokoteza, nimekulia mjini Babati. Gervasi ni Mnyaturu, hakijui kabisa. Sote wawili tulisikia pumzi na mkwaruzo tu. Bibi alikuwa akiitikia, machozi yanamtoka. Kisha akanigeukia.

"Anaomba tumlaze hapa nyumbani, karibu na kaburi la baba yake."

Shangazi alifariki alfajiri. Mke huzikwa kwa mumewe, lakini ombi la marehemu halipuuzwi hivi hivi, kwa hiyo nilikwenda na bibi Masakta kwenye kikao cha mazishi. Alilieleza lote. Gervasi alimsikiliza kwa adabu, macho mekundu kwa kulia.

"Mama, sikukatalii kwa dharau," alisema. "Mjukuu wako Fabiola mwenyewe alitueleza kwamba masikio yako yanajaza. Labda haya umeyajaza wewe."

Nilimchukia, maana maneno hayo yalikuwa yangu. Wazee waliafiki kaburi lichimbwe palepale Masakta.

Bibi hakuwa amesikia hata neno la uamuzi huo. Alinishika mkono, akauliza wamesemaje. Nilitamani kumdanganya. Nikainama sikioni mwake, nikamwambia polepole kwa Kiiraqw, kwa yale maneno machache ya nyumbani aliyonifundisha yeye.

Aliyasikia yote mara moja, ingawa hayakuwa aliyotaka kusikia.