Bua Moja la Seleri

Apolonia wa Igowole alikuwa mkaidi, na ukaidi wake ulikuwa na harufu. Marehemu mumewe, Bartholomeo, alipika miaka mingi kwa meneja wa mashamba ya chai, akarudi nyumbani na mbegu za seleri, mboga ya Kizungu ya majani yenye harufu kali, pamoja na ulimi uliokataa supu isiyotiwa majani hayo. Alifariki mwaka mmoja kabla ya watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Siku ya kuhama, wanawake wengine walibeba kuku. Apolonia alibeba kikapu cha miche ya seleri.

Kijijini nyumba zilipangwa mstari, ukikohoa jirani anasikia. Huko ndiko upweke ulikomkamata barabara. Wanawake walitembeleana kutwa: huyu kaishiwa chumvi, yule anataka kaa la moto. Kwa Apolonia hakubisha mtu, maana alichokuwa nacho walisema kinanuka dawa. Basi akaimwagilia seleri yake, akaitilia samadi ya nguruwe wake, Julai akaifunika nyasi isiunguzwe na baridi, na jioni akala supu peke yake akisikiliza vicheko vya wengine. Inauma, jamani.

Kisha Esta, mke wa Tadeo aliyekaa chini ya mteremko, akapata mimba. Mimba ile ilikataa ugali, ikakataa maharage, ikataka majani ya Apolonia.

“Hodi! Kamwene, bibi. Naomba bua moja tu.”

Akawa anakuja kila jioni. Bua halikatwi mara moja. Kwanza unakaa, unaulizwa habari za mgongo, unaonja supu. Apolonia alianza kumenya viazi vya watu wawili na kuongea peke yake kwa furaha.

Masika yakaingia. Mteremko ukawa utelezi, na tumbo la Esta likawa kubwa. Apolonia akamhurumia.

“Utaanguka, mwanangu. Chukua miche hii, panda kwako. Usiizike sana, na maji usiinyime.”

Esta alishukuru mpaka akapiga magoti. Miche ikashika vizuri, mtoto akazaliwa salama, na hodi zikakoma. Esta hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa na seleri yake, aje kufanya nini?

Apolonia alingoja mpaka mvua zikaisha. Asubuhi moja aliingia bustanini, akang'oa seleri yote, shina kwa shina, akamtupia nguruwe. Alilia akifanya hivyo. Jioni akajifunga khanga safi, akateremka.

“Hodi humu.”

“Karibu, bibi! Jamani, karibu ukae.”

“Naomba bua la seleri, mwanangu.”

Esta akacheka. “Si wewe ndiye uliyenipa mimi?”

“Yangu imeliwa na nguruwe.”

“Pole sana! Basi nikung'olee miche ukapande tena.”

“Hapana!” Apolonia alikwisha kukaa, mtoto yuko mapajani. “Bua moja tu. Kesho nitakuja kuomba lingine.”