Mwaka wa Visima Vyote Kuwa Vitamu

Leo programu yetu ya kupima visima yatimiza mwaka, na mimi Israa nataka kujisifu wazi, sina haya. Ila nikijisifu bila kumtaja shangazi yangu, Bi Saadiya, nitakuwa mwizi.

Mimi hufundisha kompyuta hapa kisiwani Pate. Programu niliianza na Mwalimu Jabez wa kemia, mtu wa bara, mwenye chai nyingi na maneno machache. Ni programu huria: yeyote aweza kuifungua, kuirekebisha na kuichukua bure. Kazi yake ni moja. Unaandika kwa simu maji ya kisima chako yana chumvi kiasi gani, na watu wanaona kwenye ramani kabla ya kumnywesha mtoto mchanga au mgonjwa wa presha.

Mwezi wa kwanza tukaandikiwa visima arubaini na vitatu. Vyote vitamu! Hata kile cha karibu na mikoko, ambacho ukifulia nguo sabuni haitoi povu. Jabez alifurahi, maskini. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Hapa kwetu nani atatangaza kwamba kisima cha babake kimeharibika? Bora aseme mkewe hajui kupika.

Nikaibadilisha programu: usipime chako, pima cha jirani. Loo! Mgeni gani atakaribishwa maji kisha aandike ni ya chumvi? Yakawa matamu kuliko mwanzo. Tukagawa vipimo, vijiti vidogo vya betri vinavyosoma chumvi. Watu wakavitia kwenye mapipa ya maji ya mvua. Visima arubaini na vitatu, vyote nambari ile ile! Nilipandwa na hasira nikaapa kuifuta programu yote.

"Israa," Jabez akaniambia, "kunywa chai kwanza."

Badala ya chai nikaenda kwa shangazi. Kisima chake ndicho kilichosifika mtaani. Alikichimba babake, marehemu Madi, akakiweka wakfu ili kila atakayeteka, thawabu zimfuate yeye Madi kaburini. Shangazi ni mjane, hakujaaliwa mtoto. Hufagia ukingo wa kisima kile kila siku baada ya sala ya alfajiri, na kamba hubadilisha kwa mkono wake. Nilipotoa kipimo mfukoni, akanishika mkono.

"Najua, mwanangu," akasema. "Mwaka wa pili huu. Chai yangu haina ladha, nami nasingizia majani."

"Mbona hukusema?"

"Nikisema, hapana atakayekuya kuteka. Na wasipokuya, baba yangu atapata nini huko aliko?"

Nikakirudisha kipimo mfukoni. Nilikuwa nimewacheka watu miezi yote ile na sikuwahi kumuuliza hata mmoja anaogopa nini. Niliona haya, nikaenda zangu.

Baada ya siku tatu akanijia darasani, akakaa kwenye dawati la mbele.

"Hii programu yenu, wewe ukifa itakuwa ya nani?"

"Ya kila mtu, shangazi. Haiuzwi wala hairithiwi. Hapana wa kumnyima mwenziwe."

Akanitazama kama nimefeli mtihani. "Basi hiyo si ni wakfu? Muda wote wanipigia kelele za kompyuta, kumbe una wakfu mkononi na hujui! Lete hicho kijiti."

Alingoja alasiri, wanawake walipojaa na ndoo zao. Akakichovya mbele yao, akanipa nisome. Maji matamu hayafiki mia tano kwenye kipimo. Yake yalikuwa elfu mbili na mia nne.

"Mumesikia?" akasema. "Kisima cha Madi kimeingia chumvi. Fulieni, jengeeni, lakini msinywe, na mtoto msimpe." Machozi yalimtoka, sauti haikumtetemeka. Nilijivunia kuwa wa damu yake.

Wiki ile visima kumi na saba vikaungama. Kama Bi Saadiya amesema, wewe ni nani ufiche? Sasa tuna visima mia moja na sita, na kila nambari ni ya kweli. Wanawake wa mtaani wateka maji ya kunywa kisima cha shambani. Ndia ni ndefu, wananung'unika, lakini waenda. Watu wa Kiunga wameichukua programu, wakaitia sauti kwa wasiojua kusoma. Na watu saba nisiowajua hata kwa sura wamerekebisha makosa yangu, ambayo, astaghafirullahi, ni mengi.

Jana nilikuwa naandika orodha ya waliochangia. Shangazi akakataa jina lake. "Andika Madi bin Heri."

Nikaandika, nikatuma. Jabez, ambaye hukagua kila badiliko kabla halijaingia, akanipigia simu.

"Huyu Madi simjui. Alichangia nini?"

"Alichimba kisima."

Nikamsikia akipiga funda la chai. Kisha akasema, "Sawa. Nimemuingiza. Nimemuweka wa kwanza."

Nilimpelekea shangazi simu aone. Akaligusa jina kwa kidole, taratibu, herufi baada ya herufi.

"Na wa Kiunga wakipima kwao, naye yuwapata thawabu?"

"Inshallah, shangazi."

Akaniambia nishike simu vizuri isije ikaanguka, akajifunga mtandio, akatoka kuwaita majirani waje wamuone babake.